Kisu Kilichoonja Damu ya Shemeji

Shule niliyosoma ilikuwa ya wamisheni, upande wa Dabani, na niliiacha mapema kwa sababu ya funza. Mvua zikikatika, vumbi la darasani lilikuwa funza watupu, nasi tulikaa chini. Siku moja nilisoma herufi huku machozi yanatoka, kidole kinawaka moto, mwalimu akadhani nimeguswa na Roho. Akanisifu mbele ya wenzangu. Nikirudi nyumbani shangazi alinitoa funza kwa mwiba wa mlimau. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, kwa hiyo alichimba nyama akamwacha funza. Nikaona bora nichunge ng'ombe. Ndiyo maana naandika hivi ninavyoandika.

Lakini shangazi hakuwa na lawama. Nyumba nzima haikuwa na kitu chenye ncha ya maana. Tulikuwa na visu vya kukunja kutoka kwa duka la Mhindi, Tororo, vizuri kuvitazama. Ukikitia kimoja kwenye samaki, magamba yanaingia kwenye kiungo, kinakataa kufunguka. Au kinafunguka vizuri, halafu kinajifunga vidole vyako vikiwa ndani. Kisu cha mtu wa kinamasi na mawindo ni kile kisichokunjwa, chuma kimoja toka ncha mpaka mwisho wa mpini. Hilo nilijifunza kwa kaka yangu.

Kaka alirudi kutoka vita vya Burma na blanketi, na ndani ya blanketi kipande cha springi ya lori. Tulitarajia viatu. Watu walimuuliza, lori gani hilo? Alikuwa anasimama, anaacha chakula, anakwenda kukaa peke yake. Tukaacha kuuliza.

Chuma hicho alikipeleka kwa mhunzi kwenye vilima vya Samia. Babu zake mhunzi walichimba mawe ya chuma na kuyayeyusha wenyewe, lakini siku hizo majembe yalitoka Ulaya, naye akawa anafua mabaki ya magari. Alimtengenezea kaka kisu kilichozidi kiganja kidogo tu, mgongo mnene wa kupita shingo ya kamongo, yule samaki wa matopeni, tumbo limepinda vizuri la kuchuna swala. Mpini alifunga ngozi ya kenge ikiwa mbichi, ikakauka ikabana, usiteleze mkononi. Nimeshika visu vingi tangu hapo, na bado sijaona mfano wake. Kaka alikipaka samli kama mtoto mchanga.

Basi, kiangazi kimoja shemeji yake, ndugu wa mke wake, akatutembelea kutoka Iyolwa. Kwetu shemeji anakaa, anachinjiwa kuku. Humpeleki kwenye matope. Lakini alitukuta tunakwenda kuchimba kamongo, nao wakati huo wamelala ndani ya udongo wa kinamasi, akashika kulabu.

"Shemeji, keti nyumbani," kaka akamwambia.

"Mimi ni bibi arusi? Twende!"

Tukacheka, tukaenda. Hapo ndipo tulipokosea sote.

Shemeji alivuta kichwa cha kamongo mmoja kwa kulabu, kaka akaingiza kisu nyuma ya shingo. Kamongo akajipinda, ngozi ya mpini ilikuwa imelegea na kaka hakuwa ameifunga upya, kisu kikateleza kikapita kwenye kiganja cha shemeji, chini ya kidole gumba. Yeye ndiye aliyecheka kwanza. "Dada yangu hakukutosha, umetaka na mkono?" Halafu akaona damu inavyotoka, akaubana mkono kwapani. Kidole hicho hakikukunjika tena, na jembe halishikwi bila gumba.

Kwetu kisu kilichoonja damu ya shemeji hakikati tena chakula. Kinarudi kwa mhunzi, kwenye moto, kinafuliwa kitu kingine. Kaka alikisafisha akakirudisha kwenye ala.

Siku alipoleta swala, mke wake aliitazama nyama juu ya majani ya ndizi.

"Imekatwa na nini?"

Kaka akamsogezea yale majani.

"Mimi nikila hiyo, nakula mkono wa ndugu yangu."

Nyama ikakaa hapo mpaka nzi wakaichukua. Watoto walizunguka tu wakiinusa. Ikawa hivyo kila alipoleta kitu, na yeye hakuacha kuleta. Nilikuwa sipendi tena kupita pale kwake.

Baba akamwita. "Peleka kisu."

"Baba, kisu hakina kosa. Mkono wangu ndio uliokosea."

"Basi tukuweke wewe kwenye moto?"

Mimi nilicheka, baba hakucheka.

Mwishowe baba mkwe akaja kutoka Iyolwa. Hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alisema kisu kirudi kwenye moto mbele ya macho yake, la sivyo binti yake na wajukuu waondoke naye. Kaka akasema sawa. Alisema kwa sauti ndogo, nikafurahi kweli, nikajua yamekwisha.

Tukapanda kwa mhunzi asubuhi: baba, mkwe, kaka na mimi. Mkaa ulikuwa umeshika vizuri. Mhunzi akanyoosha koleo. "Lete, mwanangu. Nitakufulia kingine, kizuri kushinda hicho."

"Na chuma hiki kitakuwa nini?"

"Jembe dogo. Mke wako alimie."

Kaka akakichomoa. Alikigeuza huku na huku, akapitisha kidole mgongoni mwake. Midomo ilicheza kama anayesema na mtu, lakini si sisi, huenda mtu wa lile lori la Burma. Kisha akakirudisha kwenye ala, akachukua kofia yake pale chini, akashika njia ya kuteremka inayokwenda kutokea barabara ya Tororo.

"Anakwenda wapi?" mkwe akauliza.

"Kujisaidia," baba akasema.

Mhunzi akaendelea kuvuta mivukuto, moto usipoe. Akaongeza mkaa. Akaongeza tena. Tulimwona kaka kule chini akipita kati ya mawe, hakimbii, anatembea tu kama mtu anayekwenda sokoni, mpaka majani marefu yakamfunika. Hatukumwona tena mpaka leo.