Msiba Uliouzwa

Pélagie, mwenyeji wa Uvira, Kongo, alikuwa mkalimani katika ofisi moja ya kambi ya Nakivale, Uganda, iliyosikiliza wakimbizi walioomba kupelekwa nchi za mbali. Mambo yalianza kwa huruma. Mama mmoja mzee alijikanganya mbele ya afisa, akasema nyumba yao ilichomwa mara masika, mara kiangazi. Pélagie akainyoosha habari kidogo katika kutafsiri. Mama akakubaliwa, naye Pélagie akalala usingizi mtamu, akijiona ametenda jema.

Kisha akaja Nicodème, mfanyabiashara Mrundi mwenye fedha lakini asiye na kisa kizito. Alimwita kwenye mgahawa wa Kakoba, mjini Mbarara.

"Unisaidie na mimi, madamu. Ni maneno tu."

Simwibii mtu, Pélagie alijiambia. Maneno hayapungui, na wakubwa wa ofisi wanakula rushwa kubwa zaidi. Kisa kilichomjia upesi kilikuwa kile alichosimuliwa kwa simu na mdogo wake, Divine, aliyebaki Kongo: waasi walimkamata mumewe, naye akajificha chooni akisikia sauti yake hadi ikakatika. Akamfundisha Nicodème kile kile, mume akamgeuza kaka. Nicodème akalipa, akapita. Wengine wakafuata. Kisa kilikuwa kinakubalika. Kwa nini atafute kingine?

Hatimaye Divine mwenyewe akavuka mpaka, akaandikishwa Kabazana, papo hapo kambini, na baada ya muda mrefu akaitwa kuhojiwa. Kanuni ilimkataza Pélagie kumtafsiria ndugu. Akaficha undugu wao, akidhani atamsaidia.

"Balimukamata bwana yangu," Divine alisema. "Mimi nilikuwa mu choo. Nilisikia sauti yake, kisha sikuisikia tena."

Pélagie akatafsiri neno kwa neno. Afisa, Nehemiya, akaegemea kiti, akasema kwa Kiingereza.

"Hicho choo nimekisikia mara ngapi? Mwambie aache kutuchezea."

Neno moja la Pélagie, kukiri kwamba alikiuza kisa hicho, lingemwokoa mdogo wake, na lingempeleka yeye jela. Watoto wake wangelelewa na nani? Alijifanya anapima, lakini alijua ameshachagua zamani.

"Yaya, amesema nini?" Divine alimwuliza dada yake.

"Amesema ungoje."

Ombi likakataliwa. Divine angali analima kishamba kisichomtosha, na kila Jumapili baada ya ibada humshukuru dada yake kwa kumsemea vizuri. Pélagie angali kazini. Kisa cha choo ameacha kukifundisha. Ana kingine sasa, alichokisikia kwa jirani aliyekuwa akilia.