Mfua mashuka anayetaka kuiona Gisenyi kwa mbali

Jua linachomoza nyuma ya mlima Rubavu, na Ziwa Kivu bado limejifunika ukungu. Nyuma ya hoteli moja ya ufukweni mjini Gisenyi, Rwanda, mwanamke aliyeshusha barakoa hadi kidevuni ameshika pembe mbili za shuka jeupe. Pembe nyingine mbili zimeshikwa na mwanamume aliyesahau kuvua helmeti.

"Vuta," anasema mwanamke.

Mwanamume anavuta kwa nguvu zake zote. Shuka linamponyoka mwenzake na kuanguka kwenye majani yenye umande.

"Yewe! Nimesema vuta, sikusema nyang'anya!"

Huyu ni Murekatete, ambaye amefua mashuka ya hoteli hii kwa zaidi ya miaka kumi. Mwenye helmeti ni mumewe, Onésphore, dereva wa moto, kama pikipiki zinavyoitwa hapa, anayebeba abiria kati ya mjini na Rugerero. Wiki hii yote, kabla ya kuanza kutafuta abiria, anapitia hapa kujifunza kukunja na kuanika. Wapishi wanatoka jikoni kwa zamu kuja kutazama. Siwalaumu, hata mimi nimecheka.

Sababu ya masomo haya ni moja. Murekatete anataka kwenda likizo nje ya nchi, katika mwaka huu wa pili wa korona, wakati hata wenye pesa zao wanaogopa kufungiwa ugenini.

Nje ya nchi yenyewe ni Goma, Kongo. Ukisimama kwenye kamba za kuanikia unaiona, imekaa pale ng'ambo ya ghuba, mabati yake yanang'aa na mlima Nyiragongo unafuka moshi juu yake.

"Aliponiambia nilizani ni mchezo," anasema Onésphore. "Vakansi? Goma? Hata kuku ya jirani yetu inaendaka Goma na inarudi!"

Ana haki ya kushangaa. Kabla ya kuajiriwa hotelini, Murekatete alivuka mpaka karibu kila siku na beseni la nyanya kichwani, kama wanavyofanya wanawake wengi wa mji huu. Wazazi wake walitoka Kongo akiwa binti mdogo, na mdogo wake, Illuminée, ameolewa Goma, kwenye mtaa ulio kando ya ziwa. Goma kwake ni kama chumba cha pili cha nyumba.

"Lakini kila mara nilienda na muzigo," anasema. "Kuuza, kubeba, kuzika, kusaidia mutu mwenye amezaa. Sijaenda hata siku moja kukaa tu. We umeshaenda kwa ndugu yako ukakaa tu?"

Swali hilo ananiuliza mimi. Anaokota lile shuka na kulirudisha kwenye beseni.

Wazo lenyewe lilimjia wakati hoteli ilipogeuzwa nyumba ya karantini. Watalii waliondoka, wakaletwa wasafiri waliotakiwa kukaa vyumbani mpaka wajulikane wako salama. Wafanyakazi walipunguzwa, waliobaki wakalipwa nusu mshahara. Murekatete alibaki, kwa sababu hata mtu aliyefungiwa huhitaji shuka safi.

Dirisha la ghorofa ya kwanza lililotazama kamba zake lilikuwa la mzee Kadiri, mstaafu wa Kigoma. Maskini, alikuwa amedunduliza kwa muda mrefu aje kuona Kivu na milima, kisha abiria mmoja wa basi lake akakutwa na virusi. Likizo yake nzima ikaishia chumbani. Kila asubuhi alifungua dirisha, akaegemeza viwiko vyake, na wakawa wanazungumza kwa kupaza sauti, yeye juu, Murekatete chini.

"Siku moja nilimupa pole," anakumbuka. "Nikamwambia, mzee, umekuja kuona milima, sasa unaona tu manguo yangu. Akacheka sana. Akasema, mama, hii ni likizo vilevile. Likizo ni mahali ambapo hakuna mtu wa kukuuliza kitu kiko wapi."

Murekatete anatazama majini, ambako ukungu unaanza kupasuka.

"Bon. Mi nyumbani naulizwa kutoka asubuhi. Sabuni iko wapi? Soksi iko wapi? Mama Belise, chumvi iko wapi? Na chumvi iko palepale, mbele ya macho yake!"

"Siyo kila siku," Onésphore anajitetea.

"Kila siku."

Mzee Kadiri alipotoka karantini alirudi kwao, lakini maneno yake yalibaki. Murekatete akaanza kuota mchana kweupe, mikono ikiwa kwenye povu. Ndoto haikuwa kubwa. Alijiona amekaa kwenye kiti uani kwa Illuminée, miguu imenyooshwa, ameshika kikombe cha chai ambayo hakuipika, na mbele yake, ng'ambo ya maji, iko Gisenyi.

"Wageni banalipa ili kutazama Gisenyi yetu," anasema. "Mi niko ndani yake tangu nilikuwa mutoto, siioni. Ni kama pua. Nataka niende pale ng'ambo, nigeuke, niitazame. Kama iko muzuri, nijue iko muzuri."

Wazazi wake walimpa jina ambalo kwa Kinyarwanda ni kama kusema aachwe adeke. Amefikisha miaka arobaini na moja, na nijuavyo mimi, hiyo ndiyo mara ya kwanza ameomba kudeka.

Shida ni kurudi. Wakati naandika haya mpaka umefunguliwa kwa masharti, na masharti hubadilika. Anayetaka kurudi hupimwa. Akikutwa na virusi hubaki hukohuko mpaka apone. Na hoteli, baada ya ukame mrefu, imepata kundi la wageni watakaofika wiki ijayo. Meneja, Rutagengwa, alisema wazi kwamba kamba zisipokuwa na mtu siku watakapofika, atatafuta mtu mwingine.

Hayo si maneno ya kutishia watoto. Zamani kazi hii ilikuwa ya wanawake wawili. Mwenzake Murekatete aliitwa Nyirasafari, na walivutana mashuka kwa miaka, huyu huku na yule kule, mpaka ikawa hawahitaji kusemezana. Nyirasafari alivuka kwenda harusi ya binamu yake Goma, ya siku moja tu. Mpaka ukafungwa nyuma yake. Aliporudi miezi ilikuwa imepita na nafasi yake imefutwa. Sasa analima viazi Mudende, na Murekatete amekuwa akifunga ncha ya shuka kwenye mti wa parachichi ili apate wa kuvutana naye.

"Kila nikifunga shuka kwa huo mti nawaza Nyirasafari," anasema. "Mti hauna maneno."

Hata hivyo, mwezi uliopita alijipa moyo. Alipewa siku zake za mapumziko, akapimwa, akakutwa mzima, akavaa kitenge chake cha Jumapili na kushika kifuko kidogo. Akapanga foleni kwenye mpaka mdogo, ule ambao kila mtu huuita Petite Barrière.

Ofisa wa mpakani alimfahamu tangu enzi za nyanya. Akamtazama kichwani, hakuna beseni. Akatazama mgongoni, hakuna mzigo. Akauliza, "Mama, leo unapeleka nini?"

"Hakuna."

"Unaenda kuleta nini?"

"Hakuna."

"Sasa unaenda kufanya nini?"

Murekatete akasema kwa sauti ndogo kwamba anaenda vakansi. Foleni nzima ikaangua kicheko. Mwanamke mmoja mwenye kabichi kichwani alicheka mpaka kabichi ikaanguka. Aibu ikampanda Murekatete mpaka masikioni, na hapo ulimi ukamponza.

"Nikasema, hapana, ni dada yangu. Iko mugonjwa."

Jamani! Kwa miaka yote, hiyo ndiyo sababu iliyofungua mpaka huu. Mtu akiulizwa anakwenda wapi, husema kuna mgonjwa, na njia hufunguka, kwani nani atamzuia mtu kumjulia hali ndugu yake? Murekatete alisema kwa mazoea. Alisahau tu kwamba dunia imebadilika, na mwaka huu mgonjwa ndiye anayefunga mpaka. Kicheko kilikatika. Waliokuwa karibu naye wakarudi nyuma hatua mbili, barakoa zikapandishwa puani, naye akaombwa kwa adabu atoke kwenye foleni arudi nyumbani.

Kama ingeishia hapo, ingekuwa afadhali. Lakini katika foleni walikuwamo majirani wa Illuminée, na habari haihitaji kipimo ili ivuke mpaka. Illuminée huuza mandazi mbele ya nyumba yake. Kufika jioni mtaa mzima ulijua ana korona, na kesho yake mandazi yakalala. Kesho kutwa pia.

"Yaya, uliniuguza!" Illuminée ananisimulia kwa simu alivyomwambia dada yake mkubwa, na hata sasa sauti yake ina hasira kidogo na kicheko kidogo. "Mi niko muzima kabisa, napika, batu banapita upande ingine ya barabara! Mutoto wa jirani ananisalimia kwa mbali kama niko mbwa ya kuuma. Nikamwambia yaya, umelianzisha, ulimalize. Donc uje. Ukae hapa mbele ya nyumba, ule mandazi yangu, tucheke, batu baone."

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijawahi kuisikia methali hiyo ikimfaa mtu hivi.

Lakini kumwita mtu si kumvusha. Murekatete alirudi nyumbani siku ile, akaweka kifuko chake juu ya kiti, na hakukifungua. Kikakaa pale. Jioni Onésphore alirudi kazini akamkuta mkewe ameketi kando ya kile kifuko, mikono mapajani.

"Nikauliza soksi zangu ziko wapi," Onésphore anasimulia, na sasa ameivua helmeti na kuishika kifuani. "Hakujibu. Hakukasirika, hapana. Alikuwa anatazama tu mbali. Miaka hii yote sijaona huyu mwanamuke amekaa bila kitu mukononi. Siku ile nilimuona, nikaogopa. Nikajua, hii kitu nilikuwa nachekelea, kwake siyo mchezo."

Soksi alizitafuta mwenyewe. Zilikuwa kwenye kamba. Asubuhi yake, bila kumwambia mtu, alisimamisha moto mbele ya hoteli na kuomba kuonana na meneja.

Rutagengwa, aliyekulia Tanzania, analieleza jambo hilo kwa ufupi. "Alikuja akasema mke wake akizuiliwa Goma, yeye ataanika. Nikamuuliza, wewe unajua kuanika? Akasema hajui, lakini kuendesha moto pia alikuwa hajui. Basi. Mimi nataka mashuka makavu. Mkono wa nani, hilo halinihusu."

Hivyo ndivyo dereva wa moto alivyojikuta kwenye majani haya akinyang'anya shuka. Nawauliza wote wawili kama uamuzi umeshafanyika.

"Mi niko naogopa bado," anasema Murekatete. "Nikikutwa nayo? Nikifungiwa kule, na huyu akichoka siku ya pili?"

Onésphore anashika pembe zake mbili. Safari hii havuti, anangoja. Murekatete anavuta kidogo, naye anavuta kidogo, na shuka linanyooka katikati yao, limekakamaa, halina hata mkunjo mmoja. Wanalitazama wote wawili.

"Sawa," anasema Murekatete. "Naenda Jumamosi."

Wanakubaliana jambo moja. Siku akiwa Goma, kama nyumbani kuko salama, Onésphore ataanika katikati ya mashuka meupe ya hoteli shuka la maua mekundu kutoka kitandani kwao. Rutagengwa amekubali, ili mradi liwe safi.

Jumamosi nimo kwenye foleni nyuma yake. Kitenge ni kilekile cha Jumapili na kifuko ni kilekile. Ofisa ni yuleyule pia, na nadhani amemkumbuka, maana anatabasamu kwa macho juu ya barakoa.

"Mama, leo unaenda kufanya nini?"

Murekatete anavuta pumzi. "Kupumuzika," anasema, kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa foleni. "Niko naenda kupumuzika kwa mudogo wangu. Haiko mugonjwa. Haijagonjwa hata siku moja."

Wengine wanacheka. Yeye hainamishi kichwa. Cheti cha kipimo kinatazamwa, kinarudishwa, na mkono wa ofisa unamwonyesha mbele. Kabla ya kuvuka ananigeukia.

"Bakinifungia kule, andika tu kama vakansi imeongezeka."

Atarudi Jumanne, kipimo kikimruhusu. Akirudi salama, ana mpango wa kumwomba Rutagengwa amrudishe Nyirasafari kazini, sasa wageni wanapoanza kuja. Anasema kila mfua mashuka anastahili mtu wa upande wa pili.

Jumapili mchana nimesimama kwenye kamba za hoteli na Onésphore. Ukungu umeondoka na maji yametulia. Shuka la maua linapepea katikati ya meupe, na simu yake inalia. Ni ujumbe wa sauti. Tunausikiliza pamoja. Kwanza ni vicheko vya wanawake wengi, na mtu anaagiza mandazi mengine. Kisha sauti ya Murekatete inakuja, ya chini na ya polepole, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini.

"Papa Belise. Niko nimekaa. Niko naona Gisenyi. Iko muzuri, sikujua. Na ile shuka ya maua naiona. Umeianika kombo."

Kijiko kinagonga kikombe.

"Lakini siko nasema kitu. Niko vakansi."