Asali Chungu ya Jumapili

Nilipomaliza kidato cha nne nilirudi nyumbani Usevya, nikakaa. Wenzangu walikwenda Mpanda, wengine Tabora. Mimi nilibaki kulinda kivuli cha nyumba ya mama kisije kikaibwa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na ndevu zangu zote tatu.

Ndipo watafiti wakaja kwenye zahanati yetu, daktari mmoja na dada wa maabara. Walitaka kujua klorokwini, ile dawa ya malaria, ikishamezwa inakaa siku ngapi kwenye damu, na inapunguaje. Mtu anatolewa damu kidogo kabla ya kumeza, halafu saa kwa saa, halafu siku kwa siku. Damu hiyo inawekwa kwenye sanduku la barafu, inapanda gari moshi pale Mpanda, inakwenda kupimwa mbali. Walihitaji karani wa kuandika nani katolewa saa ngapi. Mama akaenda kunitangaza kwamba nina mwandiko mzuri. Kazi nikapata, tena hatua mia mbili kutoka kitandani kwangu. Kazi ya namna hiyo haiji mara mbili.

Waliojitolea walitakiwa wawe hawajagusa klorokwini kwa miezi miwili, ili damu ya kwanza iwe safi. Watu wakasitasita. Nikajitia ushujaa, nikasema mimi niwe wa kwanza, na kwa mwandiko wangu mzuri nikaandika: “Hajatumia dawa.”

Wa pili alikuwa mtani wangu, Mkonongo mrina asali aliyetoka Inyonga akaoa kwetu. Ugomvi wetu ulikuwa mmoja miaka yote: mimi nilisema asali yao chungu. Mama alinitilia kwenye uji kila Jumapili, kwa hiyo nilijua ninachosema. Yeye alisema uchungu uko kwenye ulimi wangu, kwa sababu ya kulala sana.

Kabla ya damu, dada wa maabara alipima mikojo kwa dawa ya rangi. Rangi ikibaki njano, mtu ni safi. Ya mtani wangu ilibaki njano. Yangu iligeuka zambarau kama vazi la padre wakati wa Kwaresima.

Watu wakacheka. Daktari hakucheka. Aliuliza taratibu: karani anayeandika uongo juu ya mwili wake mwenyewe, ataandika nini juu ya miili ya wenzake? Akanyoosha mkono apewe daftari. Niliapa kwa kila nilichokijua, lakini ile zambarau ilikuwa pale mezani inanitazama. Hata mimi nisingeyaamini maneno yangu.

Mama alikuwa kwenye foleni ya akina mama, akisubiri dawa ya macho. Nilimwona anafunga upya kanga ambayo haikuwa imelegea, nikajua kuna jambo.

“Daktari, mwachie daftari lake,” alisema. “Ni mimi ninayempa. Tangu homa ilipotaka kumchukua akiwa darasa la pili, kila Jumapili nasaga kidonge, natia kwenye asali. Ukimpa hivi hivi analia.”

“Mpaka leo analia?”

“Leo sijamjaribu.”

Sasa hata daktari alishindwa kujizuia. Mtani wangu alishika kiuno, akangoja kicheko kipungue.

“Miaka yote hii umewatukana nyuki wangu,” akasema. “Utakwenda kuwaomba radhi, mzinga kwa mzinga.”

Damu yangu haikufaa tena, lakini ukarani nilirudishiwa, kwa sharti moja: nisahihishe daftari na nieleze sababu. Nikakata mstari wangu. Mtani akasimama begani kwangu ahakikishe siruki neno, ingawa kusoma alikuwa hajui, na mama upande wa pili, naye hajui. Nikawasomea kwa sauti huku naandika: “Klorokwini, kila Jumapili, ndani ya uji, anapewa na mama yake. Mwenyewe hakujua.”

Mama akaukagua mstari wote, akamgeukia daktari.

“Si nilikwambia ana mwandiko mzuri?”