Vidonge vya Kuulegeza Uvimbe

Mama mkwe wangu alifika kwangu Nyasho kutoka Butiama akiwa na kopo la unga wa majani. Alikuwa amesikia kwamba nina saratani ya titi, na kwamba uvimbe umeshikana na kifua kiasi kwamba hauwezi kukatwa. Hakulia. Aliniambia nichemshe maji.

"Hii inaimarisha mwili," alisema. "Nilikuwaga nampa baba yenu, na alikufa mzee."

Nilikunywa. Ilikuwa chungu kuliko habari yenyewe.

Mume wangu alikuwa kikazi Bunda, kwa hiyo Mama ndiye aliyenisindikiza Mwanza kwenye mionzi. Daktari alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa kwanza. Pamoja na mionzi alinipa vidonge vya kumeza. Alitueleza kwamba mionzi huzijeruhi seli za saratani, lakini nyingine hujitengeneza upya na kuendelea. Vidonge vingezizuia kujitengeneza, ili mionzi izimalize.

"Kwa hiyo mnazinyima kupona," Mama alisema.

"Ndiyo, mama."

"Vizuri."

Kisha akaweka kopo lake mezani. Daktari alinusa unga, akalifunika.

"Huu asitumie kwa sasa."

"Unaimarisha."

"Ndiyo shida yenyewe, mama. Hatujui utaimarisha seli zipi."

Dawa ile Mama alikuwa amefundishwa na mama yake mzazi. Tulipotoka nje niliona macho yake yamejaa machozi. Alisema jua la Mwanza ni kali.

Mionzi yenyewe haiumi. Unalala, mashine inanguruma, unaambiwa amka. Vidonge ndivyo vilivyonitesa: viganja na nyayo vilikuwa vyekundu, kisha ngozi ikaanza kubanduka. Sikuweza kushika hata kikombe. Tulikuwa tumepanga chumba karibu na hospitali, na humo Mama alininywesha uji, akataka na kuniogesha. Mimi sikuwahi kumwonyesha hata bega. Nilisita mlangoni na khanga yangu.

"Ukiona aibu nitafumba macho," alisema. "Ila nitakuangusha."

Nikavua.

Siku moja, akinimwagia maji, aliuliza, "Wanalegea?"

"Kina nani, Mama?"

"Hao wa kwenye titi."

"Sijui."

"Watalegea. Wewe umelegea, na hata hukulengwa."

Nilicheka mpaka kifua kikauma. Halafu nikalia, kwa mara ya kwanza tangu niambiwe ugonjwa wangu. Yeye aliendelea kunisugua mgongo.

Baadaye kipimo kilionyesha kwamba uvimbe umesinyaa na kuachia kifua. Nilipasuliwa, titi la kushoto likaondolewa. Bado ninakwenda kupimwa, na kila ninaposubiri majibu ninaogopa kama mwanzo.

Nimerudi darasani kufundisha. Ninaandika kwa mkono wa kushoto, na upande huo mkono haupandi tena vizuri, kwa hiyo ninaanzia katikati ya ubao kwenda chini. Wanafunzi hawajauliza. Wanaandika kidogo kuliko zamani, na wanaonekana kuridhika.