Ngao ya Babu na Rangi ya Geti

Mimi ni mtu wa kutenda kwanza, kufikiri baadaye. Mwaka huo kanisa letu la Mikinduri lilinipa kazi ya kuwatengenezea watoto wa shule ya Jumapili silaha za Mungu kwa ajili ya igizo: chapeo, dirii, upanga. Nilikata katoni, nikazipaka rangi ya fedha iliyobaki tulipopaka geti. Ikabaki ngao tu, na katoni zilikuwa zimeisha. Haraka haraka haina baraka, lakini nani alikuwepo wa kunikumbusha?

Ghalani tulikuwa na ngao ya babu, ya ngozi ya nyati, yenye michoro myekundu na myeupe iliyofifia. Baba alishaniambia kwamba wapiganaji wa zamani walitambuana kwa michoro ya ngao, hata mtu akiwa ng'ambo ya bonde. Nilisikia, nikasahau. Siku hiyo niliona ngozi kuukuu yenye vumbi. Nikaipaka mara mbili, ikang'aa.

Jumapili igizo lilipendeza mno. Baba, ambaye macho yake yalishaanza kuingia ukungu, alikaa kiti cha mbele akapiga makofi. Tulipokuwa tukirudi nyumbani alinishika mkono. Huniita mama, kwa kuwa nina jina la mama yake.

“Mama, hiyo ngao yenu ni mzuri. Lakini baba yangu alikuwa na ya ukweli. Tukifika uniletee niishike kidogo.”

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia ukweli palepale njiani, maana kumdanganya baba nisingeweza. Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Nyumbani nilijaribu kuikwangua kwa kisu. Fedha ilitoka, na wekundu ukatoka nayo. Nikaacha, nikampelekea. Aliiweka magotini, akaipapasa kwa muda mrefu.

“Hapa kushoto kulikuwa na mistari ngapi?”

“Kwani wewe hukumbuki, baba?”

“Si ilikuwa hapo tu? Sikuwahi kuhesabu.”

Tangu utotoni niliipita ngao hiyo kila nilipoenda kuchota mahindi. Nilifumba macho nikaitafuta, nikaona fedha tupu. Baba alikuwa bado ananisubiri, uso ameuinua.

“Mitatu,” nikasema.

“Tatu,” akarudia, akatulia.

Siku hizi huwasimulia wajukuu wake kwamba ngao ya baba yake ilikuwa na mistari mitatu upande wa kushoto. Wananigeukia, nami naitikia kwa kichwa. Sijui ilikuwa mingapi.