Simu ya Mama na Namba Tasa

Kwetu, mtu akiwa ziwani, simu ya nyumba haiguswi. Inakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, imejaa chaji, hadi aliyesafiri apige aseme amefika. Sheria hiyo hatukuandikiwa na mtu. Tulivuka nayo ziwa Mweru tukikimbia Kongo kuja Zambia, tukakaa nayo kambini Kenani, kisha Mantapala, na tulipopanga chumba hapa Nchelenge tukaendelea nayo.

Siku yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, alipovuka kwenda Kilwa ya upande wa Kongo kufuata samaki wakavu, ndiyo siku mtihani wangu ulikuwa unafungwa. Nilikuwa nasoma kuandika programu kwenye mtandao, na aliyepita angepata nafasi ya kusoma Lusaka bure. Swali lilikuwa moja: andika programu itakayotafuta namba tasa zote, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, hadi milioni kumi, kwa sekunde chache. Anayesema haraka haraka haina baraka hajafanya mtihani wa namna hiyo. Kompyuta sikuwa nayo. Simu ilikuwa moja, ya mama.

"Tumika nayo," mama alisema, "lakini usinimalizie chaji. Yaya yako iko ku mayi, mu ziwa."

"Bon, mama. Nitafanya mbio."

Programu yangu ya kwanza ilikuwa ya kijinga, na nilijua. Ilichukua kila namba ikaigawanya kwa kila iliyo chini yake. Simu ikapata moto mkononi, chaji ikashuka, na ilikuwa haijafika popote. Nikaiambia iache kugawanya ikifika kwenye kipeuo cha pili cha namba yenyewe. Ikawa afadhali, lakini haikutosha. Ndipo nikabadili njia kabisa: badala ya kuhoji namba moja moja, nizipange zote kwa safu, nishike mbili nifute vigawe vyake vyote, nishike tatu nifute vyake, na tano vilevile, zitakazobaki ndizo tasa. Nilifurahi kweli. Furaha ikanisahaulisha kwamba safu ya milioni kumi ni mzigo, na simu ile ilikuwa kuukuu. Ikaganda, kisha ikazima.

Nje upepo ulikuwa umeanza kupiga mabati. Mama alikuwa mlangoni akitazama ziwa.

"Imezima?"

"Inarudi, mama."

Ilirudi polepole, kama mtu aliyeamshwa bila kupenda. Niliogopa, na bado nikaendelea. Nikaziacha nje namba shufwa zote isipokuwa mbili, kila iliyobaki nikaipa nafasi ndogo kabisa ya kumbukumbu, na programu ikamaliza kwa sekunde mbili. Nikaituma, nikairudisha simu juu ya kinu. Chaji ilikuwa bado ipo.

Simu haikulia. Kesho yake wavuvi waliukuta mtumbwi wa yaya umepinduka. Mwenyewe hakuonekana, na hajaonekana mpaka leo.

Tulikuwa bado tunalala chini kwa msiba, akina mama wa kanisa wamejaa chumbani, simu ilipotoa mlio wa ujumbe. Mama aliinyakua, akaikodolea macho. Ujumbe ulikuwa wa Kiingereza, asichokisoma, basi akanipa.

"Njo yeye? Ni yaya yako?"

"Apana, mama. Ni ba kule ku masomo. Banasema nilipita."

Mwanamke mmoja alianza kunipongeza, akajizuia. Niliona aibu, na nilitamani ujumbe ule usingekuja kamwe. Mama aliichukua simu yake, akaifuta taratibu kwa ncha ya kitenge.

"Ile siku simu ilizima," akasema, "ilikawia sana?"

Programu yangu nilikuwa nimeipima mara nyingi, ningeweza kumtajia muda wake hadi sehemu ya sekunde. Huo muda wa simu kuzima sikuupima.

"Apana sana, mama," nikamwambia. Akageukia ukuta.