Msumari Nilioung'oa Mlangoni kwa Wakwe

Aibu nyingine mtu huizika akaisahau, lakini hii yangu ina mashahidi huko Mumias, kwa hivyo afadhali mnisikie mimi mwenyewe kabla haijawafikia kwa watu wa kuongeza chumvi.

Nilikuwa nimenunua pikipiki iliyotumika kwa jamaa mmoja wa Buyangu, kule msituni, na siku ya kupeleka posa kwa kina Saumu nikaona badala ya kukodi gari nimbebe baba mdogo mwenyewe (yeye ndiye angenisemea, mimi ulimi hunikauka mbele ya wazee), naye akakaa nyuma na kanzu yake nyeupe ameikunja magotini, tukafika salama, hakuna neno.

Sasa pale mlangoni, nikishaiweka pikipiki juu ya stendi kubwa, nikaona kichwa cha msumari kinang'aa kwenye tairi la nyuma. Tairi lenyewe lilikuwa limejaa, halijapoteza upepo hata kidogo. Mtu mwenye akili angeuacha, amalize shughuli, kisha aende kwa fundi wa pancha. Mimi nikawaza wenyeji wakiuona watasema nimekuja na pikipiki mbovu, nikachukua koleo chini ya kiti, nikachuchumaa, nikauvuta.

Kilichotoka hapo sikukielewa. Nilitarajia upepo, yakatoka maji ya kijani, yanateleza kama mrenda, yakanipiga shavuni. Nikaziba tundu kwa kidole gumba cha mkono wa kulia, yakaacha. Nikabaki nimechuchumaa najiuliza ni nani aliyetia mboga kwenye tairi langu.

Hapo ndipo Mzee Rajabu, babake Saumu, alipotoka na ndugu zake kutupokea. Akatoa salamu, nikaitikia, akaninyooshea mkono. Na wangu wa kulia (fikirieni wenyewe) umeshika tairi. Nikampa wa kushoto. Mzee akauangalia kama kitu kilichookotwa barabarani, na baba mdogo akaninong'oneza, "Hamisi, toa mkono wa kulia."

Nikatii. Yale maji yakaruka, yakamchora Mzee kanzu kutoka kifuani mpaka pindoni.

Shangazi mmoja akauliza polepole kama hiyo ni dawa ya kupe, na kama inachoma. Mzee akanigeukia.

"Hii ni nini?"

"Sijui, baba."

"Pikipiki ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Na ndani umeweka nini?"

"Sijui, baba."

Nikiwa nimeziba tena, nikatoa simu kwa mkono uleule wa kushoto, nikampigia aliyeniuzia. Akashangaa kwamba hakuniambia: kwao miiba imejaa, kwa hivyo yeye humiminanga dawa ya kuziba pancha ndani ya tairi, na nikishatoa msumari nizungushe gurudumu tu, tundu litajiziba lenyewe. Vile nilivyokuwa nimechanganyikiwa, sikufikiria kwamba gurudumu likizunguka, tundu nalo litazunguka. Nikalizungusha kwa nguvu zangu zote. Ukuta ukapata, mkeka wa wageni ukapata, na baba mdogo, aliyekuwa ameinama kuona ninafanya nini, akapata usoni. Kisha tundu likajiziba kweli, kimya, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Basi posa yangu ikasemwa na mtu mwenye ndevu za kijani. Mimi nilikaa pembeni naangalia vidole vya miguu, nikimsikia Saumu na dada zake wakicheka nyuma ya pazia, nikihesabu tayari kwamba nimeshamkosa. Wazee wakanong'onezana kwa muda mrefu. Mwishowe Mzee, akiwa ndani ya kanzu nyingine, akasema, "Huyu kijana hakujua kitu, na akasema hajui. Mwongo angekuwa na jibu."

Wakakubali.

Mpaka leo sijui kama nilisifiwa au nilitukanwa, na nikimuuliza Saumu anacheka tu, anaendelea kusonga ugali. Ninachojua ni kwamba nikiona tena msumari kwenye tairi na upepo haujatoka, nitauacha palepale ulipo, nisalimie watu kwanza.